Mstari wa mwisho kwenye risiti ya parachichi

Kreti zilikuwa kumi na nne. Tulizibeba alfajiri kutoka shambani hadi barabarani, tukazipanga chini ya migomba ili jua lisizikute, tukangoja gari. Baba mdogo alichuma mwenyewe kwa mkasi, kila tunda akiliachia kikonyo kifupi. Parachichi likinyofolewa bila kikonyo huanza kuoza pale juu kabla halijaiona bandari.

Kituoni, kijana wa kuchambua ana mikono myepesi. Anainua, anageuza, anaweka kulia au kushoto. Kulia ni kontena. Kushoto ni rijekti: lenye kovu la tawi, lenye doa la mdudu, lililo dogo mno. Kreti tatu na nusu zilikwenda kushoto.

Baba mdogo hakusema neno kuhusu hizo. Alichosimamia ni risiti. Chini kabisa, baada ya uzito na bei, palikuwa na mstari ulioandikwa kwa kalamu: mchango wa utafiti na masoko, shilingi 20 kwa kilo.

"Huu ni wa nini, kijana?"

"Ni utaratibu, mzee."

Njiani kurudi nyumbani akanikabidhi ile karatasi. "Wewe mwanangu unashinda unasoma. Nisomee na hili. Hela ikitoka hapa Rungwe ikaenda kwenye utafiti na matangazo, mwisho wa safari inamnufaisha nani?"

Ni wiki ya sita sasa. Risiti bado iko ndani ya daftari langu.

## Hasira ilikuja kwanza

Siku za mwanzo jibu langu lilikuwa moja: tunaibiwa. Nilipiga simu kuuliza mchango huo unapelekwa wapi, nikazungushwa, nikaambiwa mhusika yuko safarini. Mpaka naandika hapa hajarudi.

Lakini swali la mzee halikuwa hilo, na nilichelewa kulisikia vizuri. Tuseme kila shilingi inafika inakotakiwa. Mtafiti anapata dawa ya kuoza kwa mizizi, mtangazaji anamshawishi mama wa Hamburg anunue maparachichi mawili badala ya moja. Hela imefanya kazi yake.

Sasa nani anakula?

Hapo ndipo nilipokwama, maana nilikuwa najua kukasirikia mwizi tu. Sikujua la kufanya na hela iliyotumika vizuri ikamnufaisha mtu mwingine.

## Mpeleka barua wa Pasadena

Karibu kila parachichi linalopanda meli leo ni Hass, na Hass ni jina la mtu. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua huko Pasadena, California. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alipanda mbegu kwenye kishamba chake cha La Habra Heights, akinuia kubebesha miche yake, yaani kuiunganishia vijiti vya mti mwingine; vijiti hivyo vilikuwa vya Fuerte, aina iliyokuwa ikitamba wakati huo. Mche mmoja ukakataa. Akabebesha tena, ukakataa. Alitaka kuung'oa, fundi wake wa kubebesha akamshauri auache uishi. Ulipozaa, matunda yalikuwa na ganda gumu la vipelevipele linalogeuka jeusi likiiva, na watoto wake wakayapenda kuliko Fuerte.

Mwaka 1935 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki aina hiyo kwa muda. Akaingia mkataba na mwenye kitalu: kitalu kitazalisha na kuuza miche, yeye atapata robo ya mapato. Kwenye karatasi ulikuwa mkataba mzuri. Shambani mambo yalikwenda kivingine, kwa sababu mkulima alinunua mche mmoja, ukakua, akakata vijiti na kubebesha shamba zima. Hataza ilikwisha 1952, na mwaka huo huo Hass akafariki. Kwa miaka yote hiyo inasemekana aliambulia kama dola 5,000. Aliendelea kusambaza barua kama kawaida.

Nilimsomea baba mdogo habari hii kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe na sisi tumemwibia."

Maana na yeye alifanya hivyo hivyo. Alinunua miche michache, akang'oa kipande cha chai, akaipanda, na ilipokomaa akakata vijiti akabebesha kwenye miche aliyootesha kwa kokwa za kienyeji. Nusu ya kijiji imepata Hass kutoka kwenye miti yake. Hakuvunja sheria yoyote, hataza ilishakufa zamani. Ila neno lake lilinikaa. Tunda ambalo dunia nzima inalila halikumtajirisha aliyelipata, na ni kwa sababu hiyo hiyo limeweza kufika Rungwe.

## Waliolipa tangu 1961

Wakulima wa California walianza kujitoza mwaka 1961, kwa mujibu wa sheria ya jimbo lao, ili walitangaze parachichi. Hebu tulitazame vizuri hilo. Wamarekani wa wakati huo, wengi wao hawakujua hata namna ya kulikata. Walioandaa mapishi, wakagawa vipeperushi, wakamweleza mama wa nyumbani kwamba tunda liwekwe siku mbili tatu ndipo liive, walikuwa wakulima hao, kwa fedha yao.

Walikuwa na ukuta. Tangu 1914 Marekani ilizuia parachichi la Mexico kwa hofu ya wadudu. Mwaka 1997 mlango ukafunguliwa kidogo, majimbo 19 na majira ya baridi tu. Kufikia 2007 ulikuwa wazi kwa nchi nzima. Matunda ya Michoacán, jimbo la Mexico lenye miparachichi mingi, yakaingia kwenye soko ambalo mtu mwingine alishalilima, akalipalilia na kulimwagilia.

Wakulima wa California waliona jambo hilo linakuja. Sheria ya mwaka 2000 ikaunda bodi ya Hass ya taifa, na tozo ikawekwa senti 2.5 za dola kwa ratili (karibu nusu kilo), kwa mkulima wa ndani na kwa mwagizaji wa nje vilevile. Anayeuza ndani ya soko hili anachangia kulitangaza. Sehemu kubwa ya fedha, asilimia 85, hurudi kwenye vyama vya kila upande: ya California kwa California, ya waagizaji kwa waagizaji. Ndiyo fedha iliyowawezesha watu wa parachichi la Mexico kuweka tangazo kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, mwaka 2015, kwenye muda wa televisheni ambao ni ghali kuliko wote Marekani.

Na ilifanya kazi. Mmarekani aliyekuwa akila kama ratili 2 kwa mwaka wakati karne hii inaanza, sasa anapita ratili 7.

Nilipofika hapa nilidhani nimepata hadithi yangu: waliolipa wamepokonywa, mashamba ya California yamepungua, Michoacán imenenepa. Nikaanza hata kuiandika hivyo. Nikafuta.

California ina shida ya maji, na ardhi yake inagombaniwa na wajenzi wa nyumba. Bila matangazo yale huenda miti ingekatwa mapema zaidi. Na huko Michoacán, unene wenyewe umevuta watu wenye bunduki wanaowatoza wakulima kwa kila kilo inayotoka, na misitu ya misonobari imekatwa kupisha miparachichi. Mkulima wa huko anayelipa tozo mbili, moja ya bodi na moja ya mtutu, sikuweza kumwita mshindi kirahisi.

Aliyenufaika bila shaka ni mlaji, anayelipata tunda mwaka mzima. Wa pili ni mwenye ardhi inayofaa, mahali ambapo mwingine hawezi kwenda kupanda kesho.

## Kisha nikajiona mimi

Kilichonikalisha chini ni jambo dogo. Nilikuwa nimeandika sentensi kuhusu waliodandia matangazo ya wenzao bila kuchangia. Nikaisoma mara mbili.

Sisi tumelipa nini?

Baba mdogo hajawahi kutoa hata senti moja kumfundisha Mjerumani kupaka parachichi kwenye mkate. Hakugharamia mtu aliyegundua kwamba tunda likiwekwa kwenye baridi ya kiasi fulani husafiri wiki nne baharini likafika gumu. Hakumlipa Hass. Alikuja ngoma imeshanoga, akaingia uwanjani kucheza. Ile nafuu iliyomjengea nyumba ya bati na kumlipia binti yake ada ya chuo cha uuguzi ni matunda ya uwekezaji wa watu ambao hatawaona kamwe.

Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia vizuri, kisha nikachanganyikiwa. Risiti ilibadilika mbele ya macho yangu. Inawezekana shilingi 20 ni haki kabisa. Inawezekana hata ni ndogo.

## Anayelipa kwenye karatasi na anayelipa kweli

Kwanza nilitaka kujua mstari ule unamwuma nani. Tunao mfano wetu wa nyumbani. Ushuru wa mazao wa halmashauri ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa ya chakula. Sheria inasema anayelipa ni mnunuzi. Muulize mkulima yeyote wa Rungwe. Mnunuzi anapiga hesabu ya ushuru kabla hajataja bei, na bei inayotajwa imeshanyolewa.

Anayebeba mzigo ni yule asiyeweza kukwepa. Mnunuzi anaweza kwenda Njombe, au Kilimanjaro, au kuvuka mpaka. Parachichi lililochumwa leo haliwezi kwenda popote, na mti hauhami.

Wachumi wa kilimo wana hoja ambayo mwanzoni sikuielewa. Wanasema tozo ya kila kilo inayolipia matangazo ina unyoofu wake, kwa sababu mizani inayogawa maumivu ya tozo kati ya mkulima na mnunuzi ndiyo hiyo hiyo inayogawa faida ya matangazo. Ukibeba sehemu kubwa ya tozo, na faida utaibeba sehemu kubwa. Mradi fedha itangaze kweli, na itangaze kilicho chako.

Utafiti una tabia nyingine. Ukipata mbegu inayozaa mara mbili, aliyeanza anatajirika, wa pili anapata kidogo, na wa mia anakuta bei imeshuka kwa sababu wote mnazaa mara mbili. Tumeyaona kijijini. Wa kwanza kupanda Hass waliuza matunda, wakauza na miche. Waliofuata wanauza matunda tu. Wanaopanda mwaka huu watavuna baada ya miaka mitatu au minne, na watakutana sokoni na Peru inayomwaga meli kwa meli Ulaya katikati ya mwaka.

Mlaji anashukuru. Na ni vema ashukuru, chakula kikishuka bei si dhambi. Lakini mlaji huyo hayuko Tukuyu.

## Waliofunga mlango

Kuna watu walioisoma habari ya mpeleka barua wakaamua haitawapata. Tufaha la Pink Lady lilitokana na kazi ya John Cripps huko Australia Magharibi, aliyeanza kulichanganya mwaka 1973. Haki ya kumiliki aina ya mmea ina umri, inakwisha. Jina la biashara halifi. Ukitaka kuuza tufaha lile kwa jina lile, liwe na rangi inayotakiwa na ulipie. Lisilofikia kiwango linauzwa kwa jina jingine, kwa bei nyingine.

New Zealand wamekwenda mbali zaidi na kiwi ya njano. Mwaka 2010 bakteria aitwaye Psa aliingia akaangamiza aina ya njano waliyokuwa nayo. Watafiti wao walikuwa na nyingine mkononi, ikaokoa sekta nzima, na leo inauzwa kwa jina la SunGold. Ila huwezi kuipanda hivi hivi hata ukiwa mzaliwa wa huko. Unaomba leseni kwa mnada, na bei imewahi kuvuka dola 500,000 za huko kwa hekta moja. Hiyo ni kibali tu, bado hujanunua mche wala nguzo.

Hesabu hii niliirudia mara nyingi. Utafiti ulifanikiwa, matangazo yalifanikiwa, na wakulima wenye Zespri, kampuni yao ya kuuza kiwi, wamepata. Kijana anayetaka kuanza leo, faida ya miaka ijayo anailipa mlangoni kabla hajaingia. Aliyekuwemo mapema ndiye aliyeipata.

Sikupata kipimo cha kusema kipi bora, mlango wazi au mlango wa funguo. Wazi humwacha mgunduzi na dola 5,000. Wa funguo humwacha baba mdogo nje.

## Mananasi ya Ghana

Hii ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi.

Kusini mwa Ghana wakulima wadogo wengi walikuwa wanalima nanasi la Smooth Cayenne kwa soko la Ulaya. Walifanya waliyofundishwa. Kisha Del Monte, ambao jina lao hata watu wa Thika wanalijua, wakaleta kutoka Costa Rica nanasi jingine, MD2: tamu zaidi, njano zaidi, umbo moja kama limetoka kiwandani. Kizazi chake kilitoka kwenye utafiti wa mananasi wa Hawaii. Lilianza kuuzwa 1996, likatangazwa kwa nguvu, na ndani ya miaka michache maduka makubwa ya Ulaya yakawa hayataki jingine. Kufikia 2005 Smooth Cayenne ya Ghana ilikosa wa kuichukua. Mananasi yaliozea mashambani.

Hakuna aliyewaibia. Hakuna risiti yenye mstari wa ajabu. Utafiti wa mtu na matangazo ya mtu viliyafanya mazao yao yawe takataka, wakati wao hawakubadilisha chochote. Machipukizi ya MD2 yalikuwa ghali, yanataka matunzo na baridi mara baada ya kuvunwa, na wengi waliokuwa na nusu ekari hawakurudi tena kwenye biashara.

Tangu nilisome hilo, nikimtazama baba mdogo na miti yake yote ya aina moja, naogopa. Siku moja mahali fulani mtu atapata parachichi lisilooza haraka, lenye kokwa dogo, lenye jina lililosajiliwa.

Ndiyo maana siwezi kumwambia akatae kuchangia utafiti. Asiyekuwa na utafiti wake analetewa wa mwenzake.

## Jina lililo kwenye boksi

Kwa miaka mingi parachichi letu lilivuka mpaka likapandia meli Mombasa na kufika Ulaya kama la Kenya. Sisemi kwa kinyongo. Wakenya walijenga njia, wakajenga jina, sisi tukapita humo. Lakini kila tangazo lililosifu parachichi la Kenya lilisifu pia la Rungwe bila kulitaja, na mnunuzi aliporidhika alirudi kuulizia jina aliloliona.

Jina ni mali ya wote wanaolitumia, na mali ya wote huharibiwa na mmoja. Kenya waliwahi kusimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli kuanzia Novemba 2021, kwa sababu watu walikuwa wanachuma machanga kukimbilia bei. Tunda changa haliivi, linanywea kama mpira, na mlaji aliyeumizwa mara moja hatofautishi shamba na shamba. Mamia ya wakulima waaminifu hulipia mkasi wa mmoja mwenye haraka.

Novemba 2022, Rais Samia alipokuwa China, palitiwa saini makubaliano ya parachichi letu kuingia huko. Kazi ya namna hiyo, ya kuthibitisha wadudu gani tunao na gani hatuna, ni utafiti na ni masoko kwa pamoja, na ililipwa na umma. Umma maana yake ni pamoja na yule mama wa Kiwira anayelipa kodi kwenye sabuni na hana mparachichi hata mmoja. Naye nataka awemo kwenye hesabu.

## Mti wa nyuma ya jiko

Nyuma ya jiko la bibi kuna mparachichi wa kienyeji. Matunda yake ni makubwa, kijani hadi mwisho, maji mengi, na ladha ambayo mimi naiona tamu kuliko Hass, ingawa najua nimeizoea tangu utoto. Haliendi kokote. Ukilibeba hadi Mbeya mjini limeshabonyea. Tunalila na chumvi, na ndizi za kuchemsha. Zikizidi tunagawia jirani, na zikizidi tena anakula nguruwe.

Hakuna anayelitangaza. Lakini mche wa Hass wa baba mdogo umesimama kwenye mizizi ya kokwa la mti huu. Chini ya kovu la kubebeshea ni kienyeji, juu ni California. Ugonjwa wa mizizi ndio uliomaliza mti mama wa Hass, uliokufa mwaka 2002. Kama kuna utafiti ambao ningelipia shilingi 20 zangu kwa moyo mweupe, ni wa kuchunguza mizizi ya miti kama huu, ipi inastahimili na ipi haistahimili, na majibu yabaki wazi kwa kila mwenye kisu na kijiti.

Nilimweleza hivyo. Akasema kikundi chao kina mkutano Jumamosi, na mnunuzi ameahidi kuleta mtu. Akaniomba niandike maswali kwa herufi kubwa, kwa kuwa miwani yake imevunjika.

Niliandika manne. Mchango unakusanywa na nani, na hesabu yake inabandikwa wapi? Mnunuzi naye anachangia kiasi gani kwa kilo? Utafiti ukizaa mche mpya, mche huo ni wa nani? Boksi litaandikwa jina gani?

Alinipigia jioni kuniambia ameyasoma yote, kisha akaomba niongeze la tano, la kwake. Kreti zinazokwenda kushoto, zile za rijekti: je, zinapimwa kwanza na kukatwa shilingi 20, au zinatolewa ndipo mizani isomwe?

Nilitoa risiti kwenye daftari nikaitazama upya. Kreti kumi na nne.